Hati Punguzo ya Kilombero na Uthibitisho Usiofichua

Mradi wa KINET, ulioanza kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga nchini Tanzania mwaka 1997, uliwapa wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo hati punguzo kupitia kliniki, na muuza duka wa Ifakara aliyeipokea alijua kwamba mteja anastahili punguzo bila kusoma kadi yake ya kliniki. Utaratibu huo, uliotangulia Hati Punguzo ya kitaifa ya mwaka 2004, ulitegemea ridhaa ya kliniki kutoa hati. Taarifa nyingi za mtu leo zimo kwenye seva za kampuni na benki ambazo hazitoi hati ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Mlimba anayeombwa athibitishe kipato chake ili akopeshwe hulazimika kuonyesha taarifa nzima ya miamala, pamoja na fedha alizomtumia mgonjwa na michango yake ya msiba.

Njia ya kuliepuka hilo ipo. Mawasiliano ya tovuti hulindwa kwa itifaki ya TLS, ambayo hufunga data kwa funguo za siri zinazojulikana na pande zote mbili, seva na mtumiaji. Na kwa kuwa mtumiaji naye anazo, angeweza kughushi jibu la seva. TLSNotary, iliyoanza mwaka 2013, na baadaye DECO ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, hutatua tatizo hilo kwa kuzigawa funguo za upande wa mtumiaji kati yake na mhakiki anayeaminiwa na mkopeshaji, hivi kwamba mkulima hujifunga kwanza kwa data iliyosimbwa aliyoipokea, asiweze tena kuibadilisha, ndipo apewe sehemu iliyobaki ya ufunguo. Seva haibadilishwi chochote, wala mhakiki haoni yaliyomo. Kisha hutumika uthibitisho usiofichua, dhana iliyoasisiwa na Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985, unaothibitisha kihisabati kwamba mapato ya Juni hadi Agosti yamefikia kiwango kilichotakiwa, bila kutaja muamala hata mmoja.

Uthibitisho huo una mipaka: huthibitisha kile seva ilichosema, si ukweli wake, na mhakiki akila njama na mwombaji, mkopeshaji atadanganywa. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zinazokusanywa zisizidi lengo lake, na mkopeshaji anayehitaji jibu la ndiyo au hapana hana sababu ya kudai kurasa zote za maisha ya mkulima.