Mchezo Uliokosa Hadhira: Tamasha la Nakuru, 2025

Kwamba tamthilia hukamilika mbele ya hadhira ni kauli iliyozoeleka mno madarasani, hata haiulizwi tena. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu lililofanyika Nakuru mwezi Aprili 2025 liliirudisha kauli hiyo kwa ukali usiotarajiwa.

Shule ya Wasichana ya Butere ilifika huko na Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala unaosawiri vijana na watawala wao katika dola ya kubuni. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, kisha ukarudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Kisii. Mwandishi alikamatwa usiku wa kuamkia maonyesho; asubuhi ya tarehe 10 polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi watu waliokuja kutazama. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, wakilalamika kwamba hapakuwa na vyombo vya sauti wala watazamaji.

Mahakama, basi, iliweza kuurudisha mchezo katika ratiba. Hadhira haikuweza kuirudisha. Mhakiki naye huachwa njia panda, kwa maana wengi walioutetea mchezo huo, na wengi walioushutumu, hawakupata kuuona. Mwaka 2013 hali ilikuwa nyingine: Shackles of Doom, wa mwandishi huyo na shule hiyo hiyo, ulipigwa marufuku, mahakama ikaufungulia njia, nao ukaonyeshwa na kupimwa kama kazi ya sanaa.

Lipo pia suala la lugha, ambalo mjadala wa Nakuru uliligusa kwa nadra. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngaahika Ndeenda ulitungwa kwa Kigikuyu na kufanyiwa mazoezi hadharani, wanakijiji wakiwarekebisha waigizaji. Leseni ilipofutwa mwezi Novemba, mchezo ulikuwa umekwisha kuwa mali ya watazamaji wake. Echoes of War uliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya darasa. Hata pasipokuwa na polisi, lango la ukumbi lingefunguka nusu tu kwa mchuuzi au kibarua wa Nakuru. Hoja hii haimpunguzii lawama aliyefyatua vitoa machozi. Yahusu zaidi watungaji, na walimu wanaowateulia wanafunzi michezo.

Utendaji pekee uliobaki kuhakikiwa asubuhi ile ni wimbo wa taifa, ambao kila mtu aliyefukuzwa langoni angeweza kuupokea.