Fumbo rahisi la gazetini: irabu hujaza, konsonanti hufumbua

Wengi wanaoanza fumbo la maneno la gazetini na kuliacha nusu hudhani wamepungukiwa na msamiati. Mara nyingi sivyo. Maneno ya fumbo rahisi ni yale yale ya sokoni, shuleni na kwenye taarifa ya habari. Kinachomkwamisha mtu ni kusoma kidokezo kwa maana yake tu, bila kuuliza neno linalotafutwa lina umbo gani. Kwa Kiswahili, umbo ni nusu ya jibu. Safu hii inafumbua majedwali mawili madogo, hatua kwa hatua, ili kuonyesha nusu hiyo inapatikana wapi.

Historia kwa kifupi. Fumbo la aina hii lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi, wala halikuwa na visanduku vyeusi. Baadaye mitindo miwili ilijitenga. Wamarekani hutaka kila herufi ipitiwe na neno la mlalo na la wima pia. Waingereza huweka visanduku vyeusi vingi, maneno yakakutana kila baada ya herufi moja. Magazeti ya mitindo yote miwili yana mafumbo mepesi ya kila siku. The New York Times, kwa mfano, huweka lililo rahisi kuliko yote Jumatatu, kisha ugumu ukapanda hadi Jumamosi.

Mtindo wa Kimarekani unakitesa Kiswahili. Maneno yetu hupenda kupokezana konsonanti na irabu, na karibu yote huishia kwa irabu. Ukiandika BABA mstari wa kwanza na kutaka neno jingine likae chini yake bila nafasi, chini ya A ya mwisho utahitaji konsonanti mara nyingi, na neno la Kiswahili halitaki kuishia hapo. Mtindo wa Kiingereza ndio unaotufaa, nasi tutautumia.

Jedwali la kwanza lina visanduku vitano kwa vitano. Maneno ya mlalo yako mstari wa kwanza, wa tatu na wa tano. Ya wima yako safu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Vidokezo ni hivi:

Mlalo
1. Nyuki huitengeneza (5)
4. Muumini haiachi (5)
5. Thabiti (5)

Wima
1. Wahenga walisema ni mali (5)
2. Mwalimu huzitoa akisahihisha mtihani (5)
3. Sehemu ya wizara (5)

Mfumbuzi mzoefu haanzi na namba moja kwa sababu ni ya kwanza. Anapitia vidokezo vyote na kuchagua kile chenye jibu moja tu. Hapa ni 1 wima: methali inasema akili ni mali, basi AKILI inaandikwa bila wasiwasi. Inafuata 1 mlalo. Nyuki hutengeneza asali na nta, lakini nta ina herufi tatu. Ni ASALI, na A yake ya kwanza inaafikiana na A ya AKILI.

Sasa mtego wa kwanza. Namba 2 wima inauliza kitu ambacho mwalimu hukitoa akisahihisha. Mwanafunzi yeyote atajibu MAKSI, na kweli ina herufi tano. Hata sarufi haipingi, kwa kuwa kiambishi “zi” katika “huzitoa” kinakubaliana na maksi. Lakini kisanduku cha kwanza cha safu hiyo kimeshajazwa A, herufi ya tatu ya ASALI. Maksi inaanguka, ALAMA inasimama. Herufi moja imeamua kati ya visawe viwili vilivyo sawa kwa urefu na kwa ngeli.

Namba 4 mlalo ndiyo yenye hila. Tunajua I kutoka AKILI na A kutoka ALAMA: I, nafasi, A, nafasi, nafasi. Muumini haiachi nini? IMANI inaingia vizuri, na ni jibu la kwanza kumjia mtu. Ukiiandika, herufi ya mwisho ni I, nayo ni herufi ya tatu ya 3 wima. Sehemu ya wizara ni IDARA, ambayo herufi yake ya tatu ni A. Hapo imani inakataa, na jibu ni IBADA. Iliyobaki, 5 mlalo, ni IMARA.

Jedwali limejaa, lakini tulitazame tena. Makutano yote tisa yameangukia irabu. IBADA, IDARA na IMARA zote zina mfuatano wa I, A, A. Hata INAMA ingeingia. Ukifuta vidokezo vya mlalo ukabakiza maneno ya wima peke yake, mstari wa kwanza unakuwa A, nafasi, A, nafasi, I. Unaweza kuwa ASALI, AMANI au AJALI, na wote wana haki sawa. Kiswahili kina irabu tano tu, na A imetapakaa kuliko herufi nyingine yoyote. Makutano ya irabu yanaweza kumkamata mwongo mmoja mmoja, kama yalivyomkamata MAKSI na IMANI, lakini hayamtaji mkweli.

Tulinganishe na jedwali la pili, la visanduku sita kwa sita. Mlalo ni KITABU, RUBANI na MAKAMU, katika mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano. Wima ni KARAMU, TABAKA na BINAMU, katika safu zenye namba hizo hizo. Yachore kwenye karatasi uone: makutano yote tisa ni konsonanti, na irabu za mwisho zinaning'inia pembeni bila kuguswa na neno jingine.

Sasa funika maneno ya mlalo, ujaze ya wima tu. Mstari wa kwanza unasomeka K, nafasi, T, nafasi, B, nafasi. Kuna KITABU, KATIBA, KATIBU, na kitenzi KUTUBU. Uchaguzi ni mfupi, na kidokezo chenye maneno mawili kinaumaliza. Mstari wa tatu ni R, B, N: akili inakimbilia RUBANI, na kupata mpinzani wake ni kazi. Mstari wa tano ni M, K, M, na MAKAMU anajitokeza mwenyewe. Ungepewa irabu za KITABU peke yake, yaani I, A, U katika nafasi zake, ungebaki na kitabu, kikapu, kifaru, kilabu na hijabu, na orodha ingeendelea.

Hapo ndipo kanuni ya kazi inapotoka: ukiwa na vidokezo viwili vya wepesi unaofanana, anza na kile ambacho jibu lake litaacha konsonanti katika maneno mengine. Irabu utaletewa na lugha yenyewe.

Nusu nyingine ya umbo imo ndani ya kidokezo, katika ngeli. Mtunzi wa fumbo rahisi hulazimika kuandika Kiswahili sanifu, na upatanisho wa kisarufi unamfichua. Akiandika “kinachovaliwa kichwani”, anatafuta kilemba. Akiandika “linalovaliwa kichwani”, ni taji. “Inayovaliwa”, ni kofia. Hujahesabu visanduku bado, na jibu limeshachujwa. Ndiyo maana watunzi wajanja hukimbilia kiambishi “hu”. “Huliwa kwa nyama”, herufi tano, inaweza kuwa UGALI au PILAU, kwa sababu “hu” haibebi ngeli. Angeandika “unaoliwa”, pilau ingeondoka mezani. Ukiona “hu” mwanzoni mwa kidokezo, jua kuna kitu kimefichwa kwa makusudi, utafute msaada kwenye makutano.

Vitenzi navyo vina ishara zake. Kidokezo “kwenda mbio” kinataka KUKIMBIA, herufi nane. “Enda mbio” kinataka KIMBIA, herufi sita. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia kwa A, kwa hiyo kisanduku cha mwisho unaweza kukijaza kwa penseli kabla hujajua neno. Vya mkopo kutoka Kiarabu ndivyo vinavyovunja desturi: fikiri, jibu, samehe. Kidokezo kikiwa cha kutendwa, tarajia WA mwishoni. Kikiwa cha kutendana, tarajia NA.

“Wingi wa” ni kidokezo kipendwacho na magazeti, nacho huwakwamisha watu kwenye nomino zinazoanza na U. Wingi wa ukuta ni KUTA, wa uso ni NYUSO, wa ulimi ni NDIMI. Hapa usitegemee kubadili herufi ya kwanza tu. Hesabu visanduku kwanza, kisha utamke neno kwa sauti.

Tabia za herufi nazo zina kazi. C katika Kiswahili hufuatwa na H, hivyo ukipata C umepata visanduku viwili. Q na X hazimo katika maneno yetu. Zikijitokeza, kuna kosa mahali. Na kisanduku kinachotangulia B au P katikati ya neno, kama si irabu, karibu kila mara ni M.

Tukirudi kwenye majedwali yetu mawili, hukumu ni hii. La kwanza linaonekana jepesi kwa macho, kwa kuwa maneno yake ni mafupi na yanafahamika na kila mtu, lakini linamwachia mfumbuzi mzigo wote wa kukisia. La pili lina maneno marefu zaidi, na bado ndilo rahisi kwa kweli, kwa sababu kila neno linalopatikana linalitangaza jirani yake. Wepesi wa fumbo haupimwi kwa maneno yake peke yake. Unapimwa kwa mahali yanapokutana.

Basi ombi kwa wanaotunga mafumbo ya magazeti yetu: msiridhike kwamba maneno yamekubali kupishana. Yapitisheni kwenye konsonanti kila inapowezekana, na pale yanapopishana kwenye irabu tupu, kidokezo kiwe wazi zaidi. Nawe msomaji, ukikwama kesho, usikimbilie kamusi. Angalia kwanza ni konsonanti zipi umeshazipata, na kidokezo kimetumia ngeli gani.