Kabla ya Kuhamia, Jaribu Kuhama

Mwenzangu anayetafiti mafundi wa majahazi wa Lamu aliniomba nimsaidie kuchagua programu ya kutunzia madokezo. Aliyonayo yametapakaa: mengine yamo kwenye simu, mengine kwenye faili za Word, na rundo kubwa limo Evernote. Video za ushauri alishatazama za kutosha. Alitaka nimwambie tu ipi nzuri kati ya Notion, Joplin na Obsidian. Nilimwomba aweke madokezo machache yaleyale katika kila moja, kisha ayatoe, tuone kipi kimetoka salama.

Tulianzia mlango wa nyuma kwa sababu masharti hubadilika. Desemba 2023 Evernote iliwawekea wasiolipa kikomo cha madokezo 50 na daftari moja. Waliokuwa na zaidi waliendelea kuyasoma na kuyatoa, ila kuongeza jipya hawakuweza. Kampuni ina haki yake. Suala la mtafiti ni nini kinachofuatana na maandishi yanapotoka. Faili ya ENEX inayotolewa na Evernote hubeba kichwa, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuhaririwa na lebo. Viungo kati ya dokezo na dokezo ndivyo huumia, maana vinaelekeza kwenye anwani za ndani ya Evernote yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni metadata, yaani taarifa hizo za tarehe na lebo, inakaa wapi. Notion huiweka katika hifadhidata iliyo kwenye seva zake. Ukiitoa, kurasa huja kama faili za Markdown na majedwali huja kama CSV, kila faili ikiwa imebandikwa mkia wa herufi na tarakimu 32. Data ipo, lakini mipangilio uliyozoea kuitazamia haiji. Joplin, ambayo msimbo wake uko wazi, hutunza madokezo na metadata yake katika hifadhidata ya SQLite ndani ya kompyuta yako, na inaweza kutoa Markdown yenye metadata juu ya kila faili. Upungufu wake kwa kazi hii ni kwamba huwezi kujiundia vipengele vyako mwenyewe: una vile ilivyokuja navyo tu, kama daftari, lebo na tarehe. Obsidian si programu huria, jambo linalowakera wengi, lakini kila dokezo lake ni faili ya Markdown ndani ya folda ya kawaida, na vipengele vimeandikwa juu kabisa ya faili kwa maandishi matupu. Hapo hakuna cha kutoa. Unaifungua kwa Notepad na kila kitu unakiona.

Kwenye tarehe ndiko tulikokaa sana. Kipengele cha aina ya tarehe hudai mwaka, mwezi na siku. Sasa mzee akikwambia jahazi lilishuliwa “wakati wa kusi, mwaka wa Mapinduzi”, utajaza nini? Ukiandika 1964-06-01 umetunga siku ambayo mzee hakuitaja, na miaka ikipita utaisoma kana kwamba aliitaja. Tukatenga vipengele viwili. Tarehe_ya_mahojiano ni tarehe kamili. Wakati_wa_tukio ni maandishi ya kawaida yanayobeba maneno ya msimulizi kama yalivyo. Kwa ajili ya kupanga tu, tukaongeza namba mbili, mwaka_kuanzia na mwaka_hadi. Obsidian hulipangia kila jina la kipengele aina moja katika madokezo yote, hivyo uamuzi wa namna hii hufanywa mapema. Saa tuliandika ya simu, 09:00, ili “saa tatu” isizue ubishi. Na tarehe iliyobandikwa kwenye faili na kompyuta usiitegemee: kunakili tu kutoka simu kunaweza kuibadilisha.

Kisha kutafuta. Programu hizi zimezaliwa katika Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, na huko nyota mwishoni mwa neno inatosha. Utafutaji wa kawaida wa Joplin unaikubali nyota hiyo: jahazi* italeta jahazi na jahazini. Majahazi haitaleta. Mtepe (jina la chombo cha baharini) haileti mitepe, wala aliunda haileti iliyoundwa. Njia ya kupita ipo, nayo ni kuanza na mkwaju: /tepe itatafuta kipande hicho popote kilipo ndani ya neno. Obsidian hufanya hivyo bila kuombwa. Bila shaka pamoja na mitepe utaletewa utepe wa kufungia zawadi na mtu mtepetevu, lakini takataka hizo ni afadhali kuliko kuyakosa mahojiano mazima.

Kwenye lebo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa #mtepe na #mitepe ni lebo mbili tofauti. Tukakubaliana umoja pekee, na lebo chache. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani ambaye mashabiki wa programu hizi humtaja kila wakipumua, aliacha kadi takriban 90,000, na faharasa yake ilielekeza neno kwenye kadi chache tu za kuingilia. Nyingine alizifikia kwa kufuata marejeo ya kadi hadi kadi. Wenye lebo mia tano wangemtazama vizuri.

Notion ingefaa kama wangekuwa timu inayojaza jedwali moja kwa pamoja. Kwa kuwa yuko peke yake, visiwani, na intaneti yake ni ya kubahatisha, mwenzangu alichukua Obsidian. Lakini sifa iliyoifanya ishinde ina hatari yake: metadata ikiwa ndani ya faili, ukimtumia mtu faili umemtumia na jina la msimulizi na kijiji chake. Basi kila msimulizi akapewa namba, na majina yakabaki katika faili moja yenye nywila, nje ya folda ya madokezo. Kipengele cha ridhaa kina majibu matatu: anukuliwe kwa jina, anukuliwe bila jina, asinukuliwe.

Kinachomkera hadi sasa ni kujaza vipengele kwenye simu kwa kidole gumba huku mzee anasubiri. Papo hapo anajaza vitatu, yaani namba ya msimulizi, tarehe na ridhaa. Vingine hujaza usiku, kwenye kompyuta.