Farasi, Jiwe na Umbo Lisilozaa

Kuthibitisha kwamba hoja inashika si kazi ngumu sana. Unaifuata hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye hitimisho. Kazi ipo pale unapotaka kuthibitisha kwamba hitimisho fulani halitoki, kwa mada yoyote ile. Aristotle (384–322 K.K.) aliifanya kazi hiyo kwa maneno manne, na bado naiona kuwa kati ya hatua safi kabisa katika historia ya mantiki.

Kwanza aliondoa mada akabakiza umbo, mahali pa majina akaweka herufi. Tuchukue umbo hili: kila B ni A, hakuna C iliyo B. Je, tuseme nini kuhusu C? Majibu ni manne tu: kila C ni A, baadhi ya C ni A, hakuna C iliyo A, au baadhi ya C si A.

Sasa A iwe mnyama, B mtu, C farasi. Kila mtu ni mnyama. Hakuna farasi aliye mtu. Kauli zote mbili ni za kweli, na kila farasi ni mnyama. Majibu mawili ya kukanusha yameanguka. Akamtoa farasi, akaweka jiwe. Kila mtu ni mnyama. Hakuna jiwe lililo mtu. Kweli tena, ila safari hii hakuna jiwe lililo mnyama, na yale mawili ya kukubali nayo yakaanguka. Kwa kubadili neno moja, umbo zima limefungwa.

(Ukianzia upande wa A kitu kinapatikana: baadhi ya A si C. Hilo nalo alilibaini, kurasa kadhaa mbele katika kitabu chake.)

Siri yake ni hii: katika hoja halali, kauli zikiwa za kweli, hitimisho haliwezi kuwa la uongo. Mfano mmoja unaokiuka hapo unatosha kuivunja.

Umbo hilo bado linawaumiza watu. Kila aliyesoma chuo kikuu anajua Kiingereza. Hakuna mama lishe wa mtaa huu aliyesoma chuo kikuu. Kwa hiyo hakuna mama lishe hapa anayejua Kiingereza. Wengi watatikisa kichwa kukubali, ilhali lugha hujifunzwa hata kwa wateja. Usibishane kwanza kuhusu chuo wala Kiingereza. Weka mnyama, mtu na farasi katika nafasi zilezile, kisha msomee aliyeitoa hoja hitimisho lake: hakuna farasi aliye mnyama.