Mzee, Hapo Umeruka

Mkutano wetu wa kwanza ulijaa watu, na ndiyo sababu nilichelewa kugundua kwamba tulikuwa tumeshindwa.

Tuliazima ukumbi mdogo hapa Webuye, tukapanga viti vya plastiki mistari sita, tukakodi spika na maikrofoni. Matangazo tulibandika hadi stendi ya matatu. Vijana watatu walisoma mashairi, mimi nikasoma hadithi fupi, makofi yakapigwa, soda zikanywewa. Wiki mbili baadaye tukapanga viti vilevile. Walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa ndugu za msomaji. Nikakasirika. Nikasema ati Webuye si mji wa fasihi, ni mji wa malori na miwa. Kumbe kasoro ilikuwa kwetu, na ilibidi nikae matangani ndipo niione.

Alikuwa ameaga mzee mmoja wa upande wa mlima Chetambe. Siku ya tatu baada ya mazishi tukaenda kusikiliza kumuse. Wasomaji wa Bungoma wanaijua vizuri. Kwa wengine nieleze kidogo: kwa Babukusu, mzee aliyeheshimika akishazikwa, huitwa msemaji mwenye kipawa aje azungumze na umati. Wenyewe huita khuswala kumuse. Watu huketi, njia ikaachwa wazi katikati, naye hutembea mbele na nyuma katika njia hiyo, fimbo mkononi. Hakuna anayethubutu kumkatiza kwa kuvuka mbele yake. Husimulia watu wetu walikotoka, hutaja koo, huyapima maisha ya marehemu, huwaonya walio hai.

Ni rahisi kumtazama msemaji peke yake. Ana sauti, ana kumbukumbu, ana namna ya kunyamaza inayokufanya usogee mbele kwenye kiti. Nami nilikuwa nikimtazama yeye tu mpaka alipofika kwa wajomba wa marehemu na kuanza kuzitaja koo zao. Akaruka mmoja. Sisi vijana tuliokaa nyuma wala hatukujua. Lakini upande wa wazee ulipita mngurumo mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Msemaji akasimama. Akarudi hatua mbili tatu, akautaja ukoo ule kwa sauti kubwa kuliko zote alizotaja, kisha akaendelea na safari yake. Wazee wakaegemea viti vyao tena.

Pale ndipo nilipokumbuka ukumbi wetu. Hebu fikiria, nani angeweza kuninguruma mimi na maikrofoni yangu? Watu walikuwa wamealikwa kusikiliza na kupiga makofi, basi. Hata kama hadithi yangu ilikuwa na uongo kuhusu mji wao, hapakuwa na nafasi ya kuniambia. Walifanya adabu, wakanywa soda, wakaenda zao. Nadhani mtu huanza kuwa wa mahali fulani siku anapoweza kusahihisha linalosemwa pale, na sahihisho lake likapokelewa. Kabla ya hapo yeye ni mgeni, hata akija kila wiki.

Niliporudi nyumbani nikazisoma upya habari za Kamĩrĩĩthũ. Wengi tunazijua kama habari za serikali na jela. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ kule Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ waliandaa na wanakijiji mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili uliitwa Nitaolewa Nikipenda. Maonyesho yakaanza Oktoba. Novemba yakapigwa marufuku. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 polisi wakabomoa jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walikuwa wamejijengea wenyewe.

Hayo ni makubwa na hayapaswi kusahauliwa. Lakini safari hii kilichonishika ni mazoezi. Yalifanyika hadharani, mbele ya yeyote aliyepita: mkulima, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, mchuma chai. Aliyesimama kutazama aliweza kuingilia. Wazee walirekebisha lugha. Wenye nyimbo za zamani walizinyoosha nyimbo. Waliojua kazi ya kiwandani walisema jinsi kazi inavyokuwa hasa. Kufikia siku ya onyesho, kijiji kilikuwa kimeshaushika mchezo moyoni, kwa sababu kilikuwa kimeutia mkono. Naona hilo ndilo lililowatisha wakubwa. Mwandishi mmoja mkali unaweza kumfunga. Kijiji kizima kilichozoea kusema "hapana, haikuwa hivyo" utakifungia wapi?

Hata hivyo nina neno na Kamĩrĩĩthũ. Kitabu kilipotoka, jaladani yalikuwa majina mawili. Ngũgĩ mwenyewe hakuficha mchango wa wanakijiji, aliueleza kwa heshima kubwa katika insha zake. Lakini jalada ndilo linaloingia maktabani, na mwanafunzi wa leo anajifunza kwamba mchezo ule una waandishi wawili. Aliyenyoosha wimbo hayumo. Tukitaka watu wajione ni wa mahali, tujiulize pia jina la nani linabaki kazi ikiisha.

Na kumuse nayo nina neno nayo, ingawa ni yetu. Nani anaruhusiwa kunguruma? Siku ile walinguruma wazee wa kiume wanaojua koo, tena kwa Lubukusu. Wanawake waliojua ukoo ule ulioachwa, na naamini walikuwepo, walikaa kimya. Isitoshe, Webuye ya mjini si ya Babukusu na Batachoni peke yao. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilipoanza kazi mwaka 1974 kilivuta watu kutoka pande nyingi za Kenya. Wakakaa nyumba zinazotazamana, wakaelewana kwa Kiswahili cha zamu ya usiku. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, wengine walihama, wengine wakabaki wakiwa na watoto ambao hawajui kwao kwingine. Huwezi kumwambia mtoto kama huyo kwamba ili awe wa hapa ni lazima kwanza ajue wajomba wa marehemu.

Ziko sherehe za utamaduni zinazodhani dawa ni kumbeba msemaji hadi jukwaani. Hupewa dakika tano kati ya hotuba mbili, maikrofoni mkononi, hema la wageni waheshimiwa mbele yake. Anasema vizuri, anapigiwa makofi. Lakini njia ya katikati haipo, na wazee wa kumnguruma wamewekwa jua linakowaka, mbali kabisa. Kilichobaki pale ni mavazi na sauti. Ni kosa lilelile la ukumbi wetu, ila lina bajeti kubwa zaidi.

Tulipojaribu tena hatukukodi chochote. Tulikutana jioni kwenye banda la fundi seremala, watu wakakaa juu ya mbao, tukaacha njia katikati. Hatukusoma mashairi. Tulimwomba mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani atueleze karatasi ilitengenezwaje. Akaeleza vizuri: magogo yaliyokatwakatwa, yaliyopikwa mpaka yakawa uji, ule uji uliotandazwa, ukakaushwa, ukakunjwa kwenye roli kubwa. Akafika kwenye zamu ya usiku, akasema wanaume walikuwa wakimaliza kazi wanaenda moja kwa moja nyumbani kulala.

"Mzee, hapo umeruka," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa amepita kuchukua stuli yake. Banda likacheka. Mzee naye akacheka, akasema, "Haya mama, sema wewe." Akaingia katikati. Akasema yeye aliuza uji na mandazi karibu na lango miaka mingi, na hakuna mwanaume aliyeenda moja kwa moja nyumbani. Walipitia kwake kwanza, wakala kwa mkopo, wakaongea. Nani amepata mtoto, nani ana barua kutoka kwao, nani anaogopa mashine. Akasema madeni aliyaandika kwenye daftari, na daftari analo bado.

Wiki iliyofuata alikuja nalo. Sikuwa nimebandika tangazo hata moja, lakini mbao hazikutosha. Akasimama kwenye ile njia, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema, "Sikuja kudai mtu." Kisha akaanza kusoma majina, jina na deni lake, mandazi mawili, uji kikombe kimoja. Kila jina mtu alilijibu kutoka mahali alipokaa. "Yupo, ana duka." "Huyo alirudi kwao." "Huyo tulimzika." Jina moja halikujibiwa. Akalirudia. Msichana mmoja ambaye hatukuwa tunamjua akainua mkono taratibu, akasema, "Huyo ni babu yangu. Lakini umelisoma vibaya."

Mama akamwita, akampa kalamu.