Mfuko wa Bibi Gatewood

Kila panapozungumzwa safari ndefu za miguu, jina la Emma Gatewood halikosi kutajwa, na mara nyingi linatajwa kwa sababu isiyo yake. Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1955, mkulima huyu wa Ohio, mama wa watoto 11 na bibi wa wajukuu 23, alikuwa na umri wa miaka 67. Tarehe 3 Mei aliondoka Mlima Oglethorpe katika jimbo la Georgia, na tarehe 25 Septemba akasimama juu ya Katahdin, jimboni Maine. Njia aliyoifuata, Appalachian Trail, wakati huo ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 3,300, naye akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa msimu mmoja. Miguuni alivaa raba za kitambaa. Begani alining'iniza mfuko wa jinzi alioushona kwa mkono wake.

Kutoka hapo wasimulizi hugawanyika. Kuna wanaosema ni moyo tu, bibi alijikaza akafika. Wengine, hasa wanaoshabikia mizigo myepesi, wanasema siri ilikuwa mfuko. Mimi naona wote wamepita pembeni. Ukiipigia hesabu safari ile, unakuta uamuzi uliobeba mengine yote ulikuwa pa kuanzia na mwezi wa kuanza.

Alikuwa ameshajaribu mwaka uliotangulia. Julai 1954 alianzia kaskazini, Katahdin, akielekea kusini. Kwenye ramani haidhuru uanzie wapi, kilomita ni zilezile. Kwenye magoti inadhuru sana. Katahdin hupandwa kwa mikono na miguu, mtu akishika mawe makubwa, na ukiishuka unaingia pori la Maine ambalo kwa kilomita zipatazo 160 halina mji njiani. Kwa hiyo kipande kigumu kuliko vyote kinamkuta mtu mwanzoni kabisa, mwili bado wa nyumbani, macho bado hayajazoea kutafuta alama za rangi kwenye miti. Alipotea, chakula kikamwishia, miwani ikavunjika. Walinzi wa msitu wakamshauri arudi kwao, naye akarudi.

Wengi wakishindwa hivyo hukimbilia dukani kununua begi jipya. Mabadiliko makubwa ya Gatewood yalikuwa kwenye kalenda na kwenye mwelekeo. Kuanzia Georgia mwezi Mei, usiku unazidi kupata joto kadiri unavyosonga mbele. Milima ya kusini ina miinuko mikali, ila mashamba na barabara haviko mbali, na mtu akikwama anaweza kushuka bondeni. White Mountains za New Hampshire, na baada yake Maine, unazifikia ukiwa umeshatembea zaidi ya kilomita 2,500. Pori lililomshinda mwanzoni akalikuta mwishoni, na mwili uliolikuta haukuwa ule wa mwaka jana. Bei ya mpango huo ni kwamba unakimbizana na baridi, maana Katahdin mwezi Oktoba inaweza kuvaa barafu. Wastani wake ulikuwa kama kilomita 22 na nusu kwa siku, kwa siku 146. Huo si mwendo wa kasi. Ugumu wake uko kwenye kurudiwa.

Na mwili wenyewe uliandaliwa. Januari 1955, akiwa Dayton, alianza kwa kuzunguka mtaa. Kila akitoka aliongeza kidogo, mpaka asikie miguu inawaka. Kufikia Aprili alikuwa anatembea maili kumi kwa siku, yaani kilomita 16. Hakuna mwalimu wa mazoezi aliyemwandikia ratiba hiyo, lakini angekuwepo asingebadilisha mengi. Pumzi huja ndani ya wiki chache, na misuli inafuata. Kano, mifupa na ngozi ya wayo ndivyo vinavyochelewa, navyo huhitaji miezi. Ndiyo maana watembeaji wengi huumia wiki ya tatu au ya nne, wakati wanajiona wameshakuwa chuma: kifua kinawaruhusu kwenda kilomita 30, ila kano ya kisigino haijapata habari hizo.

Kuna jambo la kushuka ambalo watu wetu wanaojiandaa kwa Kilimanjaro hulisahau kabisa. Mtu akipanda mlima anachoka, akishuka anaumia. Wakati wa kushuka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na mvuto huo ndio unaochana nyuzi ndogo ndogo na kukuacha siku mbili baadaye ukishuka kitandani kama mzee. Dawa yake ni kushuka, tena na tena, kabla ya safari. Misuli iliyoumizwa hivyo mara moja huumia kidogo sana mara ya pili. Nimewaona watu wa Dar es Salaam, mji usio na kilima cha maana, wakifanya mazoezi kwenye ngazi za maghorofa: wanapanda kwa miguu mpaka juu, halafu wanateremka kwa lifti. Wanajizoeza nusu rahisi na kuikwepa nusu itakayowatesa.

Tusisahau pia kwamba miezi ile ya Dayton ilikuwa rangi ya mwisho juu ya nyumba iliyojengwa kwa miongo kadhaa ya shamba. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kipajini. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu wanayotumia kutembea. Kwa mwanamke wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure. Kwa asiyezoea, gharama hupanda karibu sambamba na mzigo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa watu hutofautiana sana, na kuweka ngata kichwani hakutoshi kumpa mtu faida hiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu jinsi mwili unavyopanda na kushuka katika kila hatua na kuitumia tena nguvu ileile, ustadi unaokuja kwa kubeba tangu utoto. Sidai kwamba Gatewood alitembea kama mama wa Nyeri. Nasema tu kwamba anayemwita mtu ambaye hakufanya mazoezi hajawahi kushika jembe.

Sasa mfuko. Ndani yake mlikuwa na blanketi la jeshi, koti la mvua, pazia la plastiki la bafuni, nguo chache na chakula. Ukijaa ulifika kama kilo tisa, na mara nyingi ulikuwa chini ya hapo. Pazia ndilo kifaa ninachokivulia kofia. Lilikuwa la kutandika chini kwenye tope, la kujifunika mvua inaponyesha, na la kukinga upepo. Kitu kimoja chenye kazi tatu. Blanketi la sufi silisifu, kwa sababu aghalabu hukaribia kilo mbili, na likilowa huongezeka. Usiku wa baridi alipasha mawe bapa motoni akalala juu yake, au alikusanya majani makavu akayafanya godoro.

Mzigo ukiwa mdogo kiasi hicho, mambo mengine yanaanza kujipunguza yenyewe. Begi kubwa la mgongoni lina fremu na mkanda mpana wa kiunoni kwa sababu kilo 20 haziwezi kukaa mabegani siku nzima. Lazima zihamie kwenye nyonga. Fremu hiyo na mkanda huo vina uzito wake. Mzigo mkubwa unadai kiatu kigumu, kiatu kigumu kinachosha mguu, mguu uliochoka unatembea polepole, na mwendo wa polepole unadai chakula cha siku nyingi zaidi, ambacho nacho kinabebwa. Gatewood aliukata mnyororo huo mwanzoni kabisa. Mfuko wa bega moja una kasoro yake, maana unaupinda mgongo upande mmoja, na kwa kilo 15 ungemtoa njiani ndani ya wiki. Kwa kilo saba au nane unauhamisha bega hili na lile, unaendelea.

Raba ndizo zilizowashangaza watu wa zama zake kuliko kingine chochote, kwa kuwa mpanda milima wa wakati ule alijulikana kwa buti. Vipimo vilivyofanywa kwa askari wa Marekani vimeonyesha kuwa kilo moja iliyofungwa mguuni hugharimu nguvu takriban mara tano ya kilo moja iliyobebwa mgongoni. Jozi ya buti za ngozi za enzi hizo inaweza kuizidi jozi ya raba kwa kilo nzima. Piga hesabu: raba zilimwondolea kitu kinacholingana na kilo tano mgongoni, zaidi ya nusu ya mfuko wake ulipojaa. Tena kitambaa hukauka haraka. Ngozi ikilowa kwenye kijito hubaki na maji siku mbili, wayo unalainika, na ngozi laini ikisuguliwa ndipo malengelenge yanapozaliwa.

Alimaliza jozi sita au saba. Watu huitaja idadi hiyo kama ushahidi kwamba raba ni viatu dhaifu. Igawe kwenye njia nzima uone: ni kama kilomita 500 kwa jozi, ambao ndio umri wa viatu vingi vyepesi vinavyouzwa leo kwa bei ya kutisha. Aliyepanga safari ya kilomita 3,300 kwa jozi moja hajapanga. Jambo lingine la kuangalia kwenye mpango huo ni ukubwa, kwa sababu mguu unaobeba mwili miezi mitano hutanuka, na kiatu kilichokutosha Mei kinaweza kukubana Agosti. Pale raba ziliposhindwa ni kwenye mawe yenye utelezi na kwenye ncha kali, ambako soli nyembamba humfikishia mwenye nayo kila kokoto.

Chakula chake kilikuwa mchanganyiko wa busara na mazoea. Karanga zinatoa kama kalori 570 kwa gramu 100, na zabibu kavu kama 300 bila kupikwa; hivyo ni vya mtembeaji kweli. Soseji za kopo, kwa upande mwingine, ni maji mengi ndani ya bati, na bati unalibeba hata likiwa tupu. Alikuwa pia na maziwa ya unga na vidonge vya supu, na alichuma mboga na matunda ya porini aliyoyajua tangu shambani. Hakuwa na jiko. Hata hivyo milima kila siku inaweza kudai kalori 4,000, na mfuko ule usingeweza kuzibeba. Alipungua zaidi ya kilo kumi. Akiba ya mwili ikawa ghala la pili, jambo linalowezekana kwa msimu mmoja na lisilofaa kufanywa sera.

Kuna mzigo mwingine ambao haumo kwenye orodha yoyote ya vifaa vyake. Makala ya National Geographic ya mwaka 1949 ndiyo iliyomvutia, na ilimfanya aamini kwamba njia imesafishwa na vibanda viko vizuri. Alikuta vibanda vingine vimebomoka na alama zimefutika. Pengo hilo alilijaza kwa kubisha hodi. Alilala majumbani mwa watu, kwenye vibaraza, kwenye mabanda. Walimlisha, na wengine walimfukuza akalala nje. Agosti vimbunga Connie na Diane vilipoijaza mito ya mashariki ya Marekani, huko Vermont vijana wawili waliotoka jeshi la majini walimfunga kamba katikati yao wakamvusha mto uliofurika. Hakuna kifaa kwenye mfuko wake ambacho kingefanya kazi hiyo. Wepesi wake ulitokana kwa sehemu na uzito uliobebwa na wenyeji.

Hili si geni kwetu. Kwenye Kilimanjaro mgeni hutembea na begi dogo lenye maji na koti, anajiona mwepesi, ilhali hema, chakula na begi lake kubwa viko kichwani kwa mpagazi ambaye kikomo cha mzigo wake ni kilo 20. Tofauti ni kwamba mlimani uhusiano huo una mshahara na kanuni, na Gatewood alitegemea ukarimu, ambao huwezi kuupanga kwa tarehe. Ndiyo maana naogopa nikisikia kijana anataka kuiga mfuko ule juu ya Kibo. Sehemu ya juu kabisa ya Appalachian Trail iko karibu mita 2,000, na chini yake pana nyumba. Kwenye mita 5,895 usiku wa manane blanketi na pazia ni njia ya kufa, na hapana mlango wa kubisha.

Ningekuwa namfungia mfuko, ningempa shuka la manyoya ya bata badala ya blanketi, na miwani ya akiba. Miwani ni gramu 30 tu, na ndicho kitu pekee ambacho kikivunjika alama za njia zinafutika zote kwa pamoja. Mengine ningeyaacha. Mwaka 1957 aliirudia njia nzima, na mwaka 1964 akaikamilisha mara ya tatu kwa vipande. Katikati, mwaka 1959, alitembea kutoka Independence, Missouri, mpaka Portland, Oregon, karibu kilomita 3,200 nyingi zikiwa kwenye nyanda za wazi zisizo na mti. Huko aliongeza mwavuli.