Shamba la Nabothi: Uwakilishi wa Mungu katika Nitaolewa Nikipenda

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, anawaita waumini mabalozi wa Kristo. Sitiari hii ina masharti yake. Balozi hasemi kwa niaba yake mwenyewe. Heshima anayopewa si yake, na mamlaka yake hukoma pale anapoanza kujitafutia. Kwa hiyo, kigezo cha kumpima Mkristo katika maisha ya kila siku si wingi wa kulitaja jina la aliyemtuma, bali ni kama ujumbe anaoufikisha ni wa huyo aliyemtuma. Makala haya yananuia kuichunguza tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda kwa kigezo hicho.

Tamthilia hii ilitungwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ikaigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977, na serikali ikaipiga marufuku mwezi Novemba mwaka huo huo. Ni rahisi kuisoma kama shambulio dhidi ya dini: Kioi, mwenye mashamba na biashara, ni mnafiki, na Biblia ni kileo cha kuwalaza wanyonge. Usomaji huo una mashiko, kwani Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, anaizungumzia dini kwa namna hiyo hiyo. Hata hivyo, hautoshi. Tunadai kwamba tamthilia haimhukumu Kioi kwa falsafa ya kitabaka pekee. Inamhukumu pia kwa kitabu kile kile anachokibeba.

Ushahidi wa kwanza umo katika majina. Kioi anaitwa Ahab, na mkewe anaitwa Jezebel. Msomaji wa Biblia hukumbuka mara moja sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza: mfalme mwenye mali tele anatamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, naye Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Katika tamthilia, Nabothi ni Kiguunda, kibarua ambaye jina lake linakaribia neno la Kikuyu la shamba, mugunda. Ana ekari moja na nusu tu, na hatimiliki yake ameitundika ukutani. Kinaya ni kwamba wahusika wawili wanaojivunia Ukristo wao wamebatizwa majina ya wenye hatia wasiyoitambua.

Ulinganifu huu unakwenda mbali zaidi ya majina. Katika kisa cha Biblia, Yezebeli haanzi kwa upanga. Anaandika barua, anazipiga muhuri wa mfalme, kisha anaagiza mji utangaze mfungo. Yaani ibada ndiyo inayofungua njia ya unyakuzi. Ndivyo ilivyo kwa Kioi. Anapofika nyumbani kwa Kiguunda na Wangeci pamoja na jamaa zake waliookoka, haombi shamba. Anawataka wafunge ndoa kanisani, kana kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi. Wenyeji wanaona katika ombi hilo dalili kwamba mwana wa Kioi, Muhuuni, atamposa binti yao Gathoni. Ili kuigharimia arusi, Kiguunda anaiweka hatimiliki rehani katika benki ambayo Kioi ana sauti ndani yake. Mwishowe Gathoni anaachwa na mimba, deni halilipiki, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi. Mfungo wa Yezebeli na arusi ya Kioi vina kazi moja.

Vifaa vya jukwaani vinaisisitiza hoja hii. Baada ya mkopo, nyumba ya Kiguunda inajaa samani mpya, pamoja na ubao unaomtangaza Kristo kuwa kichwa cha nyumba, sawa na ule wa nyumbani kwa Kioi. Hati imeondoka ukutani, ubao umeingia. Wenye nyumba nao wanafanya mazoezi ya kuitwa Winston Smith na Rosemary Magdalene. Ujumbe aliouleta balozi huyu umewavua watu ardhi na majina, na faida yote imemrudia mjumbe mwenyewe.

Hapa ndipo tunapokutana na pengo. Katika kisa cha Biblia, Ahabu anaposhuka kulimiliki shamba anamkuta Eliya, aliyetumwa na Mungu kumkabili papo hapo. Katika tamthilia, Ahabu yupo, Yezebeli yupo, Nabothi yupo, Eliya hayupo. Gicaamba anasema ukweli, lakini hausemi kwa jina la Mungu. Kiguunda anapomwendea Kioi na upanga, ni Jezebel anayeingia na bastola. Ngugi huyu huyu, katika A Grain of Wheat (1967), alikuwa amemsawiri Kihika, mpiganaji aliyeisoma Biblia akiipigia mistari na akanyongwa kwa imani yake. Miaka kumi baadaye, muumini wa aina hiyo ameondolewa jukwaani.

Je, kuondolewa huko ni haki? Kisanaa, kunaeleweka: tamthilia inataka mtazamaji aliyeketi Kamiriithu ainuke mwenyewe, asimsubiri nabii. Kihistoria, hata hivyo, kunapunguza ukweli. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wako walokole wa Mkoa wa Kati waliokataa kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakakataa kushika bunduki ya serikali dhidi ya jirani zao. Baadhi yao waliuawa. Baadaye Askofu David Gitari aliyemwandama mnyakuzi mimbarani alikitumia kisa cha Nabothi chenyewe. Naye alikuwa amekwisha kujua gharama ya kusema, kwani nyumba yake ilivamiwa usiku mwezi Aprili 1989.

Mifano hii haimwokoi Kioi. Inamhukumu kwa ukali zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo. Aidha, inatupatia kipimo ambacho tamthilia inakidokeza bila kukitamka: tofauti kati ya balozi mwaminifu na balozi wa uongo hujulikana kwa kuuliza ni nani anayelipa gharama ya ujumbe. Walokole na Gitari walilipa wenyewe. Kioi alilipiwa na Kiguunda, kwa ekari moja na nusu.

Kwa hiyo Nitaolewa Nikipenda isisomwe kama kazi inayomfukuza Mungu jukwaani. Ni kazi inayokiacha kiti cha Eliya wazi. Mhakiki anayekipita kiti hicho bila kukiona ameisoma nusu ya tamthilia. Na Mkristo anayeitazama akamcheka Kioi, kisha akarudi nyumbani kwake kwenye ubao ule ule, hajaisoma hata hiyo nusu.